Yeye Ni Nani? Somo la Kuandika Kiingereza kwa Wazi

Katika somo hili twataka kusema habari za maneno madogo sana ya Kiingereza, maneno yenye herufi mbili hadi nne tu, ambayo kila mtoto wa shule huyajua mapema. Maneno yenyewe ni kama "he", "she", "it", "they" na "his". Huenda mtu akasema, "Haya twayajua tangu zamani, tupeni somo kubwa zaidi." Twamwomba asubiri kidogo, asome kwanza kisa hiki.

Katika kijiji kimoja tukijuacho palikuwa na mzee aliyetaka kupeleka ofisini habari ya ng'ombe aliyekula mahindi. Mzee hakujua Kiingereza, kwa hiyo alimwita mpwa wake aliyemaliza shule, akamwambia aandike. Kijana akaandika hivi: "My brother told my neighbour that his cow had entered his farm and eaten his maize, and he said he would pay." Maana yake kwa Kiswahili ni hii: ndugu yangu alimwambia jirani yangu kwamba ng'ombe wake aliingia katika shamba lake akala mahindi yake, naye akasema atalipa.

Barua ikafika. Karani aliyeisoma hakuwajua watu wale wala mashamba yao. Akafahamu kwamba ng'ombe ni wa jirani, na kwamba jirani ndiye aliyeahidi kulipa. Basi jirani akaitwa aje na fedha. Akaenda kwa miguu mwendo wa siku nzima, tena wakati wa kupanda, na alipofika akaambiwa kuwa yeye ni mdaiwa. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Ng'ombe alikuwa wa ndugu wa mzee. Mahindi yaliyoliwa yalikuwa ya jirani. Na aliyeahidi kulipa alikuwa ndugu wa mzee. Mwenye kudai ameitwa kama mdaiwa!

Jirani alirudi kwake amekasirika, akidhani kwamba mzee amemsingizia kwa kusudi. Hasara ya mahindi ililipwa baadaye bila shida, lakini ufa ulioingia kati ya nyumba zile mbili ulichukua muda mrefu kuzibika. Na tazameni jambo la ajabu: barua ile haikuwa na neno moja la uwongo, wala haikuwa na kosa la tahajia. Kosa lilikuwa katika maneno "his" na "he", kwa sababu hakuna aliyeweza kujua yalimtaja nani.

MANENO HAYA NI YA NAMNA GANI

Waalimu wa lugha huyaita maneno haya viwakilishi, kwa kuwa kila moja husimama mahali pa jina, kama wakili anavyosimama mahali pa mtu. Wakili akija barazani, swali la kwanza ni hili: "Umetumwa na nani?" Akishindwa kujibu, maneno yake hayana nguvu. Vivyo hivyo kila "he" na kila "it" katika barua sharti iweze kujibu swali hilo, na jibu liwe moja tu. Yakiwa majibu mawili, msomaji atachagua moja kwa kubahatisha, na huenda akachagua lile lisilo la kweli.

Katika mazungumzo ya mdomo hatari hii ni ndogo. Msemaji huonyesha kwa kidole, hubadili sauti, na msikilizaji asipofahamu huuliza, "Yupi? Wewe wamsema nani?" Lakini barua ni mjumbe asiyeweza kuulizwa. Husema yale yale iliyopewa, kisha hunyamaza. Kwa hiyo mwenye kuandika imempasa ajiulize yeye mwenyewe yale maswali ambayo msomaji angependa kumwuliza.

KWA NINI SISI TUNAOSEMA KISWAHILI HUJIKWAA HAPA

Mtu asidhani kwamba hujikwaa kwa kukosa akili. Sababu ni kwamba lugha hizi mbili zimegawanya kazi kwa njia mbalimbali. Penye msaada wa Kiswahili, Kiingereza hakina. Na penye msaada wa Kiingereza, Kiswahili hakiuhitaji. Natutazame tofauti tano.

Ya kwanza ni neno "it". Sisi tukisema, "Kikombe kiliangukia sahani kikavunjika," kila mtu ajua kwamba kilichovunjika ni kikombe. Tukisema "ikavunjika", kila mtu ajua kwamba ni sahani. Silabi ile moja imekwisha kazi yote. Lakini Mwingereza akisema, "The cup fell on the plate and it broke," hapana ajuaye kilichovunjika, maana "it" ni kikombe, ni sahani, ni mlango, ni mvua, ni kitu cho chote. Mswahili anapoandika sentensi hiyo, kichwani mwake asikia "ki-" au "i-", naye aona maana i wazi. Wala hatambui kwamba silabi ile imebaki kichwani, haikuingia katika karatasi. Dawa yake ni kutaja jina mara ya pili: "The cup fell on the plate, and the plate broke."

Na jambo hili si la vikombe tu. Fikirini maagizo ya dawa ya kuogeshea mifugo yaliyoandikwa hivi: "Put the medicine in the water. If it has a bad smell, throw it away." Je, kinachonuka ni dawa au ni maji? Kwa Kiswahili tungesema "ikinuka" kama ni dawa, au "yakinuka" kama ni maji, na shaka isingekuwapo. Kwa Kiingereza mtu mmoja atamwaga maji machafu, na mwingine atamwaga dawa nzuri aliyoinunua kwa fedha nyingi. Mwandishi angaliandika "If the water has a bad smell", fedha ile ingalisalimika.

Tofauti ya pili ni "he" na "she". Kiswahili hakitengi mwanamume na mwanamke katika neno "yeye", wala katika silabi "a-" ya kitendo. Kiingereza hutenga. Kwa hiyo wengi wetu huandika, "My mother is ill and he cannot walk." Msomaji wa hospitali akiona "he" atamtafuta mwanamume, pengine baba wa mwandishi, na mama atangoja bure. Kosa hili hutoka mkononi kwa haraka, hata kwa watu waliosoma sana. Mwandishi na arudie barua yake yote, akitazama kila "he" na "she" peke yake, kabla ya kuifunga.

Tofauti ya tatu yafanana na hiyo. Sisi twasema "mke wake" na "mume wake", na lile neno la umilikaji hulifuata jina la kitu kinachomilikiwa: mke wake, kiti chake, nyumba yake, mashamba yake. Kiingereza hufanya kinyume; hakitazami kitu, humtazama mwenyewe. Mwenyewe akiwa mwanamume, ni "his"; akiwa mwanamke, ni "her"; kikiwa kitu au chama, ni "its". Basi mtu akiandika "Juma and her wife", amelitazama neno "wife", aliona ni mwanamke, akaandika "her". Amekosea. Juma ni mwanamume, kwa hiyo ni "Juma and his wife". Vivyo hivyo "Asha and her husband", na "the society and its money". Tena waalimu na wawaonye wanafunzi: "its" ya umilikaji haina alama ya juu, yenye alama hiyo, "it's", ni kifupi cha "it is" au cha "it has".

Tofauti ya nne ni kurudia bila haja. Kiswahili chataka silabi ya mtenda hata jina likiwapo: "Baba yangu anaumwa." Ile "a-" haiachwi. Mtu akiifasiri silabi hiyo ataandika, "My father he is ill," na Kiingereza sanifu hakitaki "he" hapo, kwa sababu jina limekwisha tajwa. Hali kadhalika twasema "kitabu nilichokinunua", na ile "-ki-" humvuta mwanafunzi kuandika "the book which I bought it". Neno "it" hapo halina kazi. "Which" imekwisha kuifanya. Sahihi ni "the book which I bought".

Tofauti ya tano ndiyo iliyofichika kuliko zote. Sisi twasema, "Tulikwenda na Juma," na mara nyingi maana yake ni watu wawili tu: mimi na Juma. Lakini "We went with Juma" kwa Kiingereza ni watu watatu au zaidi: "we" peke yake ni wawili angalau, na Juma ni wa ziada. Fikirini sasa shahidi aliyeandika, "We saw the fire with Juma." Msomaji atauliza, "Yuko wapi shahidi wa tatu?" Na shahidi wa tatu asipopatikana, atadhaniwa kuwa amefichwa. Kumbe hakuwapo kamwe. Kama mlikuwa wawili, andika: "Juma and I saw the fire."

HATA WAINGEREZA WENYEWE WAMETAABIKA

Isidhaniwe kwamba shida hii ni ya wageni tu. Zamani Waingereza walikuwa na neno "thou" kwa mtu mmoja, kama "wewe" yetu, na "ye" au "you" kwa watu wengi, kama "ninyi" yetu. Msomaji wa Biblia yao ya mwaka 1611 huyaona maneno hayo hata leo. Lakini baadaye "you" ikaenea, kwanza kwa heshima na kisha kwa watu wote, hata "thou" ikaachwa katika Kiingereza sanifu. Basi leo mkuu akiandika "You must come to the meeting" katika barua iendayo kwa mwalimu na wazee wawili, haijulikani kama amemwita mwalimu peke yake au wote watatu. Yafaa aandike "all three of you", au awataje kwa majina.

Katika sheria pia neno dogo limeleta mashindano makubwa. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufupisha maneno ya sheria zake, ikasema kwamba maneno ya kiume, kama "he", yahesabiwe kuwa yawataja wanawake pia, isipokuwa pale sheria inaposema wazi kinyume chake. Hata hivyo, wanawake wa Manchester walipodai haki ya kupiga kura kwa kutegemea kanuni hiyo, mahakama iliwakatalia mwaka 1868. Wanawake wa Uingereza walianza kupata kura ya Bunge mwaka 1918, na wakapata haki sawasawa na wanaume mwaka 1928.

Katika Kanada nako palizuka shauri la namna hiyo. Sheria ya mwaka 1867 iliyoiunda nchi hiyo ilisema kwamba watu wanaostahili waweza kuitwa kuingia katika Seneti, na ilipotaja sifa za mjumbe wa Seneti ilitumia neno "He". Wanawake watano wakauliza kama mwanamke naye ni mtu wa kuitwa. Mahakama Kuu ya Kanada ilijibu la, mwaka 1928. Shauri likapelekwa London, na tarehe 18 Oktoba, 1929, Baraza la Rufani likajibu ndiyo. Tazameni: swali la kwamba neno fulani lamtaja nani liliamua haki ya nusu ya watu wa nchi nzima.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, siku hizi waandishi wengi wa Kiingereza hawapendi kuandika "he" wanapomtaja mtu ye yote asiyejulikana. Wengine huandika "he or she". Wengine hutumia "they" kwa mtu mmoja, nayo ni desturi iliyoanza tangu karne ya 14. Sisi twapendekeza njia nyepesi zaidi: weka jina lenyewe katika wingi. Badala ya "If a teacher is ill, he must inform the headmaster," andika "Teachers who are ill must inform the headmaster." Hapo hapana mashaka, wala hapana aliyeachwa nje.

KANUNI ZA KUSHIKA

Sasa twakusanya mafundisho haya katika kanuni chache, ambazo mwalimu aweza kuziandika ubaoni.

Kwanza, kila ufikapo penye "he", "she", "it", "they", "his" au "their", simama uulize: ni nani, au ni nini? Majibu yakiwa mawili, futa neno hilo uandike jina.

Pili, usione haya kurudia jina. Watu wengi hufikiri kwamba kurudia ni ushamba. Lakini tazameni mikataba ya wanasheria: wakimwita mtu "the Seller", yaani mwuzaji, humwita hivyo toka mwanzo hata mwisho, wala hawachoki. Wajua kwamba uzuri wa mkataba ni kutofahamika kwa njia mbili.

Tatu, gawanya sentensi ndefu. Wanaume wawili wakiwa katika sentensi moja, "he" haina budi kuyumba. Mpe kila mmoja sentensi yake.

Nne, usiache "this" au "which" peke yake ikiwa nyuma yake kuna mambo mengi. Mtu akiandika, "The bridge fell and the lorry came late. This made the people angry," hatujui kama watu walikasirikia daraja au gari. Ongeza jina: "This delay", yaani kuchelewa huku.

Tano, katika barua za chama angalia sana neno "we". Mwenyekiti akiandika "We shall pay", je, watalipa wanachama wote, au halmashauri, au yeye na mtunza hazina? Aandike "The society shall pay", au "The committee shall pay", kwa kadiri ya mapatano. Deni lisilo na mwenyewe huzaa ugomvi.

Sita, umalizapo, mpe barua mtu asiyejua habari ile, aisome mbele yako. Usimweleze neno. Akikuuliza "Huyu ni nani?", usimjibu kwa mdomo, rekebisha karatasi.

BARUA ILE IKIANDIKWA UPYA

Natuirudie sasa barua ya mzee wetu. Kijana angaliandika hivi: "My brother's cow entered our neighbour's farm and ate the neighbour's maize. My brother went to the neighbour, told him what had happened, and promised to pay." Yaani: ng'ombe wa ndugu yangu aliingia katika shamba la jirani yetu akala mahindi ya jirani. Ndugu yangu alimwendea jirani, akamweleza yaliyotokea, akaahidi kulipa. Barua hii imezidi ile ya kwanza kwa maneno machache tu. Ni bei ndogo sana, ukiilinganisha na mwendo wa siku nzima na urafiki ulioharibika.

MAZOEZI

Haya hapa maneno matatu ya kujaribia. Msomaji afunike majibu kwanza, atafute shaka iliyomo katika kila moja, kisha alisahihishe.

La kwanza: "Asha told her mother that she had lost her key." La pili: "The lorry hit the bridge, but it was not damaged." La tatu: "The chief visited the headmaster because he wanted a new school."

Majibu ni haya. Katika la kwanza haijulikani aliyepoteza ufunguo wala mwenye ufunguo. Njia njema ni kuyaleta maneno ya Asha kama alivyoyasema: Asha said to her mother, "I have lost your key." Katika la pili taja kisichoharibika: "but the bridge was not damaged". Katika la tatu mwenye haja ya shule hajulikani, andika: "The chief wanted a new school, so he visited the headmaster." Hapo "he" haina mtu mwingine wa kumfuata ila mkuu mwenyewe, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekwisha tajwa.

Kabla ya kumaliza, twataka kusema neno moja kwa wale wanaoandika kwa Kiswahili tu. Mkitazama vizuri, barua ya mzee ingaliandikwa kwa Kiswahili, shaka ingalibaki vile vile, maana "wake", "lake" na "yake" hazikumtaja mtu kwa jina. Silabi zetu hutenga kikombe na sahani, lakini hazitengi mtu na mtu. Kwa hiyo kanuni hizi si za Kiingereza peke yake. Ni za kila aandikaye habari za watu kwa watu wasiowajua.

Waalimu, wafundisheni watoto jambo hili mapema. Nanyi wakuu na wazee mnaoandikiwa barua, mkimpa kijana kazi hiyo, msiridhike kwa kuona mwandiko mzuri na Kiingereza kirefu. Mwulizeni mstari kwa mstari, "Huyu uliyemwandika hapa ni nani?" Akijibu upesi na kwa jina moja, tieni sahihi. Akisitasita, na aandike tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa barua huzibwa kwa kalamu, kabla haijafungwa.